Bakuli Nililorudisha Tupu

Tottenham, London
6 Septemba 2025

Mdogo wangu Anastasia,

Pokea salamu za huku ambako jua hutoka ili lionekane tu, halina kazi nyingine. Sisi wazima. Mwanangu Kelvin anakwenda kazini, mkwe anaendelea vizuri, mtoto ananyonya kama anadai. Miguu yangu tu inalalamika, maana lifti ya jengo hili hufanya kazi siku inayojisikia. Wewe je, mgongo? Mwanao Evans ameshaleta mchumba au bado anachagua? Na Malkia wangu, ameshazaa? Niambie ni ndama dume au jike.

Tafadhali usinipigie simu. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili, na mkwe wangu Gladness, ingawa amezaliwa hapa hapa na kila ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza, Kiswahili anakielewa chote. Nikihamia Kichagga, Kelvin yupo. Kwa hiyo nitakuandikia, barua haina anayeisikiliza mlangoni.

Mjukuu ana paji la uso la marehemu mume wangu Severin, lile lile la kubishana na mapadre. Jina bado. Wanamwita "Baby". Unaijua nyumba ya Severin: mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la baba wa baba yake, na bibi ndiye hulitaja, lakini halitaji mpaka wazazi waanze, na wazazi hawaombi kwa mdomo. Basi nangoja waanze. Nimepanda ndege kwa mambo mawili, mtori wa ndizi wa kumlisha mzazi na jina la Severin, na mtori nimeshapika.

Lakini huyu mkwe ananichanganya. Mzazi kwetu hutulia ndani miezi mitatu, analishwa, anapendeza. Jana asubuhi nakuta kitanda kitupu, mtoto yuko na baba yake. Mwanamke amerudi karibu mchana, amelowa umande, mikono imekwaruzwa na miiba, ameshika bakuli la vitunda vyeusi. Msimu wao wa joto unaisha, na vichaka vya kando ya mto vimejaa hivyo vitunda. Watu wazima na akili zao wanakwenda na vikopo kuchuma. Ni vile vile ambavyo kwetu wanakula wachunga mbuzi kule juu mpakani na msitu, wakikosa kingine.

Akanawa, akanipakatisha mtoto, akaniwekea na bakuli mapajani. Kisha wakasimama, yeye na Kelvin, wananitazama. Ningefanyaje? Nikala. Vichachu, lakini nilimaliza kwa heshima, nikamrudishia bakuli lake, nikamwambia, "Rudi kitandani, mwanangu, huu si wakati wa kuzurura." Akaingia bafuni, akakaa humo muda mrefu, maji yanamwagika.

Nimesema kibaya gani hapo? Niambie wewe uliye mbali.

Dada yako,
Placida


Kilema, 22 Septemba 2025

Dada Placida,

Shikamoo. Barua yako imekaa siku nne kwenye sanduku la parokia kwa sababu katekista alikuwa na ufunguo na katekista alikuwa harusini. Tumshukuru Mungu imefika. Huku mvua za vuli bado, vumbi limetupaka poda. Mgongo umenizoea. Evans hajaleta mtu, na mimi nimeacha kuuliza, nafagia tu chumba chake.

Nimefurahi kusikia habari za matunda. Nimefurahi sana. Niandikie zaidi kuhusu matunda.

Sijui kwa nini siku hizi naikumbuka siku ya Kelvin. Nilikuwa msichana, nimeshika mlango usigongwe na upepo. Ulitoka kitandani taratibu, ukaenda kwenye mgomba wa nyuma ya jiko, ukachuma kwa mkono wako mwenyewe ndizi za kwanza kuiva msimu ule. Ukamwekea mama mkwe wako mapajani, ndizi na mtoto pamoja, na hukusema neno. Akala moja polepole. Akafuta mdomo. Akalitaja jina la mumewe, ambalo Kelvin analo mpaka leo kwenye pasipoti yake. Ulilia ukacheka kwa pamoja, na mimi nikadhani wazazi wote huwa wanachanganyikiwa.

Huko kuna matunda gani mengine? Wakikupa chochote, dada, usile kwa haraka.

Mdogo wako,
Anastasia


Tottenham, 28 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, maana barua yako haijafika na mimi nimechoka kungoja. Huku tu wazima, ila baridi imeanza kupiga hodi. Majani ya miti yamegeuka rangi, yanaanguka, na watu wanayapiga picha. Kwetu majani yakiwa manjano unamtafuta bwana shamba.

Chini ya miti mikubwa ya bustani nimeokota kokwa za kahawia, zinang'aa kama viatu vya askari, nikajaza mfuko. Nimezichemsha sufuria nzima nikijua nimewaokolea chakula. Kelvin karudi, kamwaga zote. Anasema haziliwi, zinaumiza tumbo, ni za watoto kuchezea, wanazitoboa na kuzigonganisha kwa kamba. Nchi hii vitunda vya wachunga mbuzi wanatilia sukari, na kitu kizuri kama kile wanachezea.

Jina bado. Mwanangu ananitazama kama mtu aliyesahau ninamdai nini, au mimi ndiye ninayedaiwa, sijui tena.

Na Gladness kafanya mengine. Ghorofa ya chini anakaa Seema, Mhindi aliyezaliwa Moshi mjini, Kiswahili chake kinaninyoosha mimi. Ana kibustani na mti wa matufaha uliozaa mpaka anajaza sanduku na kuliweka nje, apitaye achukue. Sasa matufaha ya bure yapo sandukuni, yameshachumwa, lakini mkwe wangu mwenye mshono wa uzazi kaomba kiti kwa Seema, kapanda, kachuma mwenyewe mtini. Nilimwona kutoka dirishani nikapiga kelele hadi mbwa wa jirani akaniitikia. Akanijibu kwa Kiingereza chake, "It has to be me, Mama." Lazima awe yeye, eti. Kwa nini lazima? Ni matufaha tu.

Akayakatakata, akayaoka chini ya unga uliovurugwa na siagi na sukari. Kinatoka jikoni kikichemka pembeni, nyumba nzima inanukia mdalasini. Seema anasema huku ndicho chakula cha kuingia baridini. Wakanikalisha kwenye kiti kile kile. Mtoto mapajani, sahani juu ya mto kando ya mtoto. Kelvin hata televisheni kaizima, na mpira ulikuwa unaendelea.

Nikala. Siwezi kusema uongo, ni kitamu, kinapasha koo moto vizuri. Nikasema, "Asante, nimeshiba," nikarudisha sahani. Kelvin akamtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu. Mtu umesifu chakula na bado unatazamwa kama umevunja sahani.

Anastasia, nimewakosea nini hawa watu? Kila siku wananilisha na kila nikila wananuna. Na hukunijibu habari ya ng'ombe.

Dada yako,
Placida


Tottenham, 9 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana, nimeisoma nimesimama. Nashukuru u mzima. Lakini, mama wee, mimi nakuandikia habari ya jina la mume wangu, wewe unaniuliza matunda. Umeanza biashara? Na ng'ombe tena umemruka.

Siku ya Kelvin naikumbuka, huna haja ya kunikumbusha. Ndizi zilikuwa nyuma ya jiko. Huyu atachuma ndizi wapi? Ndizi zangu za mtori nanunua kwenye duka la Mganda, zimekuja kwa ndege kama mimi. Naona ukweli ni huu: mkwe hana habari na mila zetu, na mwanangu kasahau alikotoka. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi nimeletwa kuwapikia watumwa.

Jumamosi kaja tena. Safari hii ni boga, dogo kama ngumi, la kijani kibichi. Alilipanda kwenye ndoo hapo nje barazani akiwa na mimba, akalimwagilia kwa kikombe. Maboga yamejaa madukani mwezi huu, makubwa, wanayachonga macho na meno wakayaweka mlangoni yaoze. Huyu akanipa mtoto, akaniwekea hicho kiboga chake mkononi. Sasa nile boga bichi? Nikamwambia, "Hili halijaiva, mwanangu," nikaliweka dirishani. Nilisema kwa upole kabisa.

Tangu siku hiyo hanipi mtoto. Ananyonyesha chumbani, mlango umefungwa. Mtori naacha mlangoni, bakuli narudishiwa limeoshwa. Ofisi ya kuandikisha watoto imeshamwandikia Kelvin barua kwamba wamechelewa. Juzi mwanangu akaja jikoni, akasimama nyuma yangu. "Mama, huna la kuniambia?" Nikamjibu, "Wewe huna la kuniuliza?" Akarudi chumbani, sufuria peke yake ndiyo iliyobaki inasema.

Sijawahi kuchanganyikiwa hivi. Ninampenda yule mtoto mpaka najiogopa, na nimekaa kwenye nyumba ya mwanangu kama mpangaji. Nimemwambia Kelvin abadilishe tiketi. Hakubisha, na hilo ndilo lililoniuma. Tarehe nane Novemba nitakuwa Kilimanjaro. Severin atabaki na jina lake kaburini. Mtoto wamwite Baby mpaka aote ndevu.

Nipakie chumba changu chokaa.

Placida


Kilema, 13 Oktoba 2025

Dada,

Shikamoo. Tu wazima. Barua ya matufaha imefika, nimeisoma kwenye jiwe la kufulia mpaka nguo zikakauka na povu.

Kuna jambo nataka kukuambia na siwezi, kwa sababu nimeahidi, na kwa sababu likisemwa linaharibika. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini wewe maana unaijua, dada, unaijua kuliko mimi.

Kula polepole.

Anastasia


Kilema, 24 Oktoba 2025

Dada Placida,

Shikamoo. Hii simpi katekista. Namkabidhi Mwende, nesi wa hospitali ya misheni, anayekuja huko kusoma na anapanda ndege kesho. Ameniahidi ataileta mpaka mlangoni.

Nianze na hili. Malkia alizaa dume, ndama akafa siku hiyo hiyo. Nilikaa kimya kwa sababu sikutaka kukuandikia kifo wakati nyumba yako inangoja jina. Nisamehe. Malkia mwenyewe anakula vizuri.

Nilipopata barua yako ya boga sikulala. Nikasema, huyu ni dada yangu mkubwa, amenilea, nikimfundisha nitakuwa nimemvua nguo. Lakini nikinyamaza utapanda hiyo ndege. Nimekwenda kwa Padre, kanisikiliza, kaniambia ahadi ya kunyamaza haikuwekwa ili nyumba ivunjike. Nikamwambia, basi nitaivunja nusu.

Sikwambii kitu. Nakuuliza swali moja tu, nijibu moyoni mwako.

Kila mkwe wako alipokuletea tunda alilochuma kwa mkono wake mwenyewe, mtoto alikuwa wapi?

Ndani ya bahasha kuna jani la sale, nimelikata uani kwako, pale kwenye kaburi la shemeji Severin. Chokaa sijanunua.

Mdogo wako,
Anastasia


Tottenham, 30 Oktoba 2025

Mdogo wangu Anastasia, uliyenishinda akili,

Marahaba, na marahaba tena kwa zile shikamoo zote nilizozipita bila kuitikia. Sisi wazima. Pole kwa ndama. Jumapili nchi nzima hapa wamerudisha saa nyuma, tukapewa saa moja ya bure, na giza linaingia kabla ya chai ya jioni. Ningewaomba warudishe mpaka siku ya bakuli la vitunda vyeusi.

Mwende kaja Jumanne, msichana mpole, kakataa hata chai. Nilikuwa nakunja kanga zangu ndani ya sanduku. Niliposoma swali lako nilikaa juu ya hizo kanga.

Mapajani. Mtoto alikuwa mapajani mwangu. Mara zote tatu.

Mimi nilikuwa nangoja ndizi, Anastasia. Kichwani mwangu tunda la kwanza lina ganda la manjano na linatoka nyuma ya jiko. Na yule binti, ambaye hajawahi kuliona jiko letu, katafuta tunda la kwanza la nchi yake mwenyewe. Kwanza kichakani, na miiba. Halafu mtini kwa Seema, na hakuchukua la sandukuni kwa sababu la sandukuni lilichumwa na mkono wa mtu mwingine. Halafu la kwenye ndoo yake, alilolipanda mtoto angali tumboni. "It has to be me, Mama." Aliniambia kabisa, na mimi nikabishana na kiti.

Na unajua maana ya bibi kula tunda akanyamaza, katika nyumba ya Severin. Maana yake mtoto si wa ukoo. Mama mkwe wangu aliniambia hilo kabla sijaolewa, ili nijiheshimu. Nimemwambia Gladness mara mbili, mbele ya mumewe, kwamba mtoto si wa mwanangu. Mara ya tatu tunda lenyewe nikalikataa, nikasema halijaiva. Na mara ya pili nikatoa na asante. Hebu niambie mwanamke gani asingefunga mlango.

Sikumwita Kelvin kwanza. Nilichukua sale lako, lilikuwa limeanza kunyauka lakini bado kijani, nikagonga mlango wa chumba chao. Gladness akafungua kidogo, macho yamevimba. Nikanyoosha jani. Akalitazama jani, akanitazama mimi, hajui ni nini, akadhani labda ni la chai. Kelvin akatokea nyuma yake. Alipoliona tu, mtoto mwanamume mzima akaweka mkono mdomoni. Akamweleza mkewe kwa Kiingereza, nami nilielewa kwa kuwa alikuwa anasema polepole huku analia: kwetu ukikosewa, ukaletewa hili, hukatai. Gladness akalipokea kwa mikono miwili.

Nikaenda dirishani. Kile kiboga kimekaa pale karibu mwezi mzima hakuna aliyekiangalia, na huko huko kwenye kioo kimeiva, kimekuwa chekundu cha kuelekea manjano. Nikakaa kwenye kiti changu, nikakiweka mapajani upande mmoja, upande wa pili nikaacha wazi. Sikusema neno, maana neno haliruhusiwi. Gladness akasimama pale akiangalia ile nafasi. Kisha akamleta mtoto.

Nikachukua kisu nikakata kipande, nikakila kibichi hivyo hivyo. Boga bichi halina adabu, linakwama kila mahali, lakini nilitafuna polepole kama ulivyonishauri tangu Septemba. Nikafuta mdomo. Nikasema, "Severin."

Mtoto alikuwa amelala, nikarudia asije akasema hakusikia.

Gladness akakaa chini, sakafuni. Na akasema kwa Kiswahili, Anastasia, mara ya kwanza tangu nifike hapa, Kiswahili chenyewe kimevunjika viungo: "Mimi nilifikiri Mama hapana taka yeye."

Nilimwita tu aje karibu. Alipoweka kichwa chake kwenye goti langu, upande wa mtoto, ndipo nilipoiona mikono yake vizuri. Ile mikwaruzo ya vichakani imepona, lakini mmoja mrefu kwenye kifundo umeacha alama, na utabaki. Niliuona siku ile ile ya kwanza, nikauandika kwenye barua yako kama kasoro. Nilitoa mafuta yangu ya nazi nikampaka, na yeye akaniachia mkono muda wote.

Kelvin kaniambia ni wewe uliyemwelekeza kwa simu mwezi wa nane, neno kwa neno, na kwamba alikuapisha usinidokeze, jina lisije likawa la kusukumwa. Ndiyo maana ukawa mfanyabiashara wa matunda. Nimekucheka mwenyewe jikoni, halafu nikalia, halafu Seema akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna boga. Tumelipika lililobaki kwa nazi, likatutosha kijiko kijiko.

Tiketi imesogezwa mpaka Januari, Krismasi mtanisamehe. Jana Kelvin amekwenda ofisini, karatasi imetoka na jina zima. Waambie ukoo wachinje. Mpelekee Malkia majani mabichi, mwambie nampa pole. Na kule uani, pale ulipokata sale, nenda ukamwambie mwenyewe kwamba jina lake limefika London na usiku linalia kwa nguvu.

Ni mimi,
Bibi yake Severin